Gari la Sinia

Mume wangu Hoza aliingiza kichwa dirishani, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, kisha akakitoa tena kama mtu aliyebisha hodi nyumba siyo.

"Usukani wake uko wapi?" akauliza.

"Hili halina, mzee," alisema Pendaeli, Mpare mpole mwenye kitambi anayeuza magari pale Mombo. "Usukani ni hilo sinia."

Sinia ni jina tulilolipa sisi watu wa mlimani. Waliolitengeneza wana jina lao refu ambalo hata Pendaeli hulitamka kwa kujikwaa. Ni ubao mpana, laini, wenye rangi ya chungu, umelazwa mbele ya viti viwili vya mbele, na watu wawili huuwekea viganja kama wanaosubiri ugali ufike. Ukikandamiza kiganja cha kulia, gari linakwenda kulia. Ukisukuma viganja vyote mbele linaongeza mwendo, ukiviinua linasimama. Viganja ni vinne, kwa hiyo gari huwasikiliza watu wawili na kufuata njia iliyo katikati ya matakwa yao.

"Na wakigombana?" Hoza akauliza.

"Linapunguza mwendo mpaka wapatane."

"Basi sisi Soni hatufiki," nikasema, na Pendaeli akacheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili, kama wafanyavyo wauzaji.

Hoza hakucheka. Alikuwa amesimama na mikono ndani ya mifuko ya koti, joto lote lile la Mombo, jasho likimtiririka shingoni. Sikumwambia avue. Nilijua koti lile lilikuwa la kazi gani.

Huko tambarare, kuanzia Tanga mpaka hapo Mombo, magari siku hizi hayana dereva. Chini ya lami kuna waya unaozungumza nayo. Abiria wanalala, wanakula, wanasukana nywele, na gari linawafikisha. Usukani wa duara uliacha kutengenezwa zamani. Lakini Mombo ndipo waya unapoishia. Walijaribu kuupandisha mlimani, masika yakaja yakashuka na barabara, waya na nguzo zake. Wakarudi, masika nayo yakarudi, mwisho wakanyoosha mikono. Kwa hiyo kwetu bado gari linataka mkono wa mtu, na mikono ya Hoza ilikuwa inatetemeka.

Alikuwa dereva wa lori la kabichi, Lushoto mpaka Mombo, tangu ujana wake. Ugonjwa ulipomwanza hakusubiri mtu aje kumnyang'anya leseni. Siku moja alirudi nyumbani akalikwaruza lori kwenye nguzo ya geti letu wenyewe. Akashuka, akautazama ule mkwaruzo, akaingia ndani akaweka ufunguo mezani. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kukaa barazani. Lori likipanda, husikiliza tu mwendo wake na kusema, "Huyo ni Shekolowa, anaingia kona kwa pupa." Kisha ananyamaza mpaka lori jingine lipite. Mimi niliyetumia nusu ya maisha yangu kumwambia apunguze sauti, nikawa naumwa na ule ukimya.

Binti yetu Yunisi, aliyeko Tanga, ndiye aliyetuambia habari za sinia: kwamba mkono mgonjwa unaweza kushirikiana na mkono mzima. Tukauza lori. Tukajifunza sote wawili kwenye kiti cha mazoezi pale Lushoto, tukapewa vyeti, tukashuka Mombo kulijaribu gari kabla hatujaamua. Majibu ya maswali yale Hoza alikuwa nayo tayari; alitaka tu kumpima muuzaji.

*

Hoza alipovuka barabara kwenda kusalimiana na madereva wenzake wa zamani, Pendaeli alinisogelea. Alikuwa na kibao cha kioo ambacho huyapangia magari yake namna ya kuendeshwa.

"Mama, naomba tuseme wazi," akaanza, akiwa ameshusha sauti. "Nimeona mikono ya mzee alipofungua mlango. Kwenye kiti cha mazoezi huwa wanapanga nusu kwa nusu. Barabara ya mlimani siyo kiti cha mazoezi."

"Kwa hiyo unatuambia tusinunue?"

"Nawaambia kuna mgao wa kimya."

Akanieleza. Sehemu ya kila mtu kwenye sinia inaweza kupunguzwa au kuongezwa kwa kidole tu. Ya Hoza ingeweza kupunguzwa mpaka isibaki kitu, na yangu ikawa ndiyo yote. Lakini sinia lingeendelea kumrudishia uzito wa bandia: mahali nitakapokata kona, yeye angeusikia ubao ukimsukuma viganjani, kama kwamba ni yeye anayekata. Lingetetema penye mashimo. Lingekuwa zito kwenye mlima. Asingejua.

"Sheria inasemaje?"

"Inataka mmoja wa wenye gari aridhie. Mmoja tu." Akakigeuza kibao mkononi. "Familia nyingi ndivyo wanavyofanya, mama. Wazee wanafurahi, na hakuna anayeumia."

Nilimtazama mume wangu ng'ambo ya barabara. Wenzake walikuwa wanamnyooshea mikono na yeye alikuwa anawaitikia kwa kichwa, mikono imo mifukoni, akijichekesha. Watu aliokuwa akiwashika bega na kuwapigia kelele. Roho iliniuma mpaka nikaona haya kutazama.

"Kwa safari hii ya majaribio tu," nikamwambia Pendaeli. "Nyumbani nitamwambia mwenyewe."

Ndivyo nilivyojidanganya. Pendaeli akagusa kioo chake, na mume wangu akatolewa kwenye gari kabla hajaingia.

*

Tulipoanza kupanda, Hoza alikaa kulia, mahali pake pa siku zote, mimi kushoto, Pendaeli nyuma na kile kibao mapajani. Koti lilikuwa limevuliwa. Mikono yake ilipotua kwenye sinia ilikuwa inarukaruka kama kuku aliyefungwa miguu. Gari likaondoka taratibu, limenyooka, bila kuyumba hata kidogo.

Aliitazama mikono yake, akaitazama barabara, akaitazama tena mikono.

"Mama Yunisi," akasema. "Unaona?"

"Naona, Baba Yunisi."

Kona ya daraja nikaikata. Kona ya maporomoko nikaikata. Nilikuwa nikiketi kando ya mtu huyu miaka yote ya kabichi, nikiuza na kulinda mzigo, na kona za mlima ule nazijua kwa makalio. Sikujua kwamba najua kuendesha. Mwili wenyewe ulikuwa unanitangulia. Na ningekuwa mwongo zaidi kama nisingesema kwamba nilifurahi, maana hata mimi nilikuwa nakipata kitu ambacho sikuwahi kukipata.

Lakini aliyefurahi kweli ni yeye. Mgongo ulinyooka. Akaanza kuimba ule wimbo wake wa kwaya usio na mwisho. Akanyoosha kidevu kumwonyesha Pendaeli mahali lori la fulani lilipoanguka mwaka wa mvua kubwa, na mahali yeye alipolala na mzigo barabara ilipokatika. Sauti ilipanda, ikajaa gari zima. Tulipovuka sehemu ya matope karibu na Soni, pabaya hasa, nikajikuta nasema, "Hujasahau kitu, Baba Yunisi."

Akacheka kwa furaha, akaniambia, "Kazi haisahauliki, mama."

Nyuma yetu, Pendaeli alikuwa anatazama nje ya dirisha.

Tukageuzia Soni, tukaanza kushuka.

Mlima wetu una desturi yake, nayo haimo katika vitabu vya sheria za barabarani. Pale kwenye ukingo mwembamba, upande mmoja jabali na upande mwingine korongo, anayeshuka bila mzigo humpisha anayepanda na mzigo, na humpisha kwa kwenda yeye upande wa korongo, hata kama si upande wake. Udongo wa ukingoni ni laini, hauwezi uzito wa lori lililojaa. Aliyejaa abanane na jabali, mwepesi aende ukingoni. Tena asisimame njiani, kwa sababu lori lenye mzigo likisimamishwa kwenye mlima ule wakati wa utelezi, linaanza kurudi nyuma, na huko nyuma hakuna ukuta.

Lori likatokea. Lilikuwa linapanda na magunia ya mbolea, limelala kwenye jabali kama desturi inavyotaka.

Nami nikafumba macho.

Usinicheke. Miaka yote ile ndani ya lori la kabichi, kila tulipokutana na mwenzetu pale ukingoni, mimi nilifumba macho nikaomba, na nilipoyafumbua tulikuwa tumeshapita. Nilijua kona zote, nilijua matope yote, lakini kitendo kile kimoja, cha kupishana, sikuwahi kukiona. Mwili uliokuwa ukinitangulia tangu Mombo ukanitangulia na hapo pia. Ukafumba. Mikono yangu ikakakamaa juu ya sinia, ikainuka kidogo, na gari likaanza kupunguza mwendo katikati ya njia. Gari lile lina akili ya kusimama. Akili ya kupisha halina.

Nilisikia viganja vya Hoza vikikandamiza ubao. Akakandamiza tena, kwa nguvu ya mtu mzima. Gari halikwenda popote.

"Mama Yunisi," akasema, kwa sauti ya chini kabisa. "Fumbua macho."

Nikafumbua. Bodi la lori lilikuwa limejaa kioo chote cha mbele.

"Mkono wa kulia, ulaze. Usiogope korongo, huko kunatosha. Laza tena."

Gari likaanza kupiga kelele, likitangaza kwamba upande ule si wetu.

"Lipuuze, halijui kwetu. Sukuma mbele kidogo. Vizuri. Laza. Sasa acha."

Tukapita ukingoni. Chini ya dirisha la Hoza niliona vilele vya miti. Dereva wa lori akapiga honi fupi ya asante, akaendelea kupanda, na magunia yake yakapotelea konani.

Ndipo Hoza alipoinua mikono yake yote miwili kutoka kwenye sinia, akaishikilia hewani. Gari halikupunguza mwendo hata chembe. Liliendelea kuteremka na mimi, kwa raha zake.

Akaishusha mikono mapajani.

"Simamisha pale penye uwazi," akasema.

*

"Mzee, wakati mwingine mtambo huchelewa kidogo kupokea," Pendaeli akaanza.

"Nyamaza, Pendaeli," nikasema. Kisha nikamgeukia mume wangu. "Nilimruhusu akutoe. Sehemu yako yote."

"Tangu wapi?"

"Tangu Mombo."

Alitikisa kichwa taratibu. "Kona ya daraja?"

"Mimi."

"Maporomoko?"

"Mimi."

"Na pale penye matope, uliposema sijasahau kitu?"

Alifungua mlango kwa tabu, akaenda kusimama kwenye mawe yaliyowekwa kuzuia magari, ametupa kisogo. Mikono ilikuwa nje, ikitetemeka mbele za watu wa Mungu wote, na hakuonekana kuikumbuka. Nikamfuata. Pendaeli alikuwa na busara ya kubaki ndani.

"Ungeniambia nisiguse gari, ningekaa barazani," akasema bila kugeuka. "Nimeshazoea baraza. Lakini uliniacha nikafurahi, Mama Yunisi. Niliimba. Na wewe umekaa hapo pembeni unaniangalia, na unajua."

"Nilikuwa na hamu na wewe," nikasema, na machozi yakaniwahi. "Ndiyo kisa chote. Nilikuwa na hamu ya kukusikia ukipiga domo. Niliogopa nikikuachia utatupeleka korongoni, na niliogopa nikikuambia ukweli utarudi barazani usinyanyuke tena. Nikachukua uongo kwa sababu ulikuwa karibu."

Kule chini lori jingine lilianza kupanda, na nikamwona anavyolisikiliza, kichwa upande.

"Kwa nini ulikuwa unafumba macho?" akauliza. "Miaka yote ile. Sikuwahi kukuuliza."

"Ningeyafumbua ya nini? Mwenye kuona ulikuwa wewe."

"Nilikuwa nashukuru," akasema. Akageuka, na macho yake yalikuwa mekundu kama yangu. "Maana nami nilikuwa naogopa, Damari. Kila lori, kila safari. Meno yalikuwa yakigongana. Nilikuwa nachungulia kwanza kama umefumba, ndipo naogopa vizuri. Ungeuona uso wangu siku moja tu, kesho yake usingepanda."

Hakuwa ameniita Damari tangu Yunisi azaliwe. Nilimwona mtu niliyeishi naye, niliyempikia na kumzalia, ambaye utulivu wake ndio niliokuwa nimeuegemea maisha yangu yote, na kumbe nilikuwa nimeegemea mtu anayetetemeka tangu zamani.

"Mbona hukuniambia?"

"Kabichi ningeuza na nani?"

Nikacheka huku nalia. Yeye hakucheka, lakini alinipa kona ya koti lake, alilokuwa amelitundika begani, nijifute nalo. Kisha akatembea mpaka dirisha la nyuma.

"Bwana Pendaeli. Hiyo mashine yako inaweza kunipa kiasi gani bila kumuua mke wangu?"

Pendaeli akatazama kioo chake, akatazama mikono ya Hoza iliyokuwa imeshika dirisha, na safari hii hakujaribu kuuza kitu. "Kidogo sana, mzee. Kidogo mno. Hutakisikia."

"Kiwe kidogo, mradi kiwe changu. Na ule uzito wa uongo uutoe."

"Nikiutoa, ubao utakuwa kama meza tu mbele yako. Halafu, mzee, samahani, hata hicho kidogo kitakuwa kinapungua. Kwa kadiri mikono itakavyo..." Akaishia hapo.

"Kitapungua, sawa. Lakini asinipunguzie mtu kimyakimya. Kila kikipungua niambiwe." Akanigeukia. "Uniambie wewe. Kwa mdomo wako. Hata siku ya kuniambia kwamba hakijabaki kitu."

Mpaka dakika ile nilidhani tunaulizana kama gari lile litamfaa yeye. Sasa nikaona swali limehamia kwangu. Niliiona hiyo siku ilivyo: asubuhi ya kawaida, chai mezani, yeye akiwa na furaha ya safari, na mimi nikitafuta mahali pa kuanzia. Hakuna mashine itakayonisaidia pale. Uongo wa Pendaeli ulikuwa wa bei rahisi sana ukilinganisha.

"Usipoweza, tumrudishie gari lake na twende nyumbani kwa miguu," akasema Hoza. "Sitakulaumu. Sema tu."

"Nitaweza," nikasema. "Ila usije ukaniambia nisilie."

"Lia. Lakini ukiwa unaendesha, hapana."

Tukarudi ndani. Pendaeli akagusa kioo chake, akamwonyesha Hoza namba iliyobaki upande wake. Ilikuwa ndogo kweli. Hoza akaitazama kwa makini kama anavyotazama mizani sokoni, akaitikia kwa kichwa, akalaza viganja vyake juu ya sinia lililokuwa sasa limekufa upande wake, halimrudishii chochote. Nami nikalaza vyangu.

Gari likaondoka, na lilikuwa na kasoro. Nilisikia mara moja: halikunyooka tena kama tulipoanza. Lilikuwa na mtetemo mdogo, mdogo sana, unaokwenda kushoto na kulia, hauzidi upana wa kidole, lakini haukomi. Ulinilazimu nikaze viganja na kuurekebisha kila hatua.

"Ni mimi huyo," akasema Hoza.

"Najua," nikasema. "Nimekusikia."

Kabla hatujafika Mombo nikamwambia Pendaeli kwamba tunalinunua.